Kufaulu kwa Kiasi

Mwaka huu jimbo la Tshopo, huko Kongo, limeitangulia dunia. Inspekta Zacharie, mkaguzi wa shule, msomi wa miwani mizito, ametangaza mjini Kisangani kwamba kufaulu na kufeli vimefutwa. Vilikuwa mambo ya kikoloni, tena vilileta wazazi wenye kelele ofisini. Badala yake ameweka mantiki ya ukungu, elimu aliyoipata kwenye semina moja yenye bia baridi: hakuna mwanafunzi anayejua wala asiyejua, kila mmoja anajua kwa kiasi.

Chancelle, binti wa Mama Viviane, muuza liboke, samaki wa kuchoma ndani ya majani, wa mtaa wa Simi-Simi, akatangazwa kuwa amefaulu kwa kiasi, akielekea vizuri. Nyumbani ikawa kesi. Mtoto akifaulu humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, na mtaa mzima hucheza. Sasa poda ya kiasi inaishia wapi? Mashangazi walibishana kama wabunge, mwishowe wakampaka shavu moja na bega. Majirani hawakujua waimbe au watoe pole, basi wakaimba kwa sauti ya msiba.

Shule ya wauguzi nayo ikasema inapokea waliofaulu tu, na mlango unafungwa leo. Chancelle alilia hadi poda ikawa uji. Alikuwa ametaka uuguzi tangu utotoni, masikini.

Mama Viviane akaenda ofisini, amemshika mtoto mkono. Walimkuta Inspekta na mjumbe wa wizara kutoka Kinshasa. Inspekta hakukasirika, wakubwa huwavumilia waliobaki nyuma. Chancelle akaambiwa angoje nje. Mama alipoomba jibu la ndiyo au hapana, akaelezwa taratibu kwamba "ndiyo" ni neno la watu wa zamani, sayansi imeshalivuka. Mjumbe aliitikia kwa kichwa, akatazama saa, maana ndege haimngoji mtu.

"Bon, Inspekta. Kiti cha mkurugenzi wa jimbo kiko wazi. Unakiweza, ndiyo ao hapana?"

Kiti hicho Zacharie alikuwa akikiota hata kanisani. Ukungu wote ulimtoka.

"Ndiyo, Excellence. Ndiyo kabisa."

Mama Viviane akavuta kiti, akakaa.

"Kumbe ile neno ingali iko. Alors, papa inspecteur, utupatie na sisi. Mutoto alipita ao hapana?"

Mjumbe naye akageuka, akangoja jibu. Inspekta alipangusa miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Amefaulu," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama akainuka, akafungua mlango, akamwomba aseme tena, mtoto asikie.