Tundu Langu Kwenye Kiini

Jumatatu, 3 Machi

Nimelipata! Tundu! Liko ndani kabisa ya kiini, ile sehemu ya mfumo inayoamua programu ipi ipewe kumbukumbu na ipi isubiri. Kiini chetu ndicho kinachoendesha kila kitu humu jengoni: kompyuta, milango, lifti. Na kumbe mtu akiingia kwa jina refu kupita kiasi, herufi zinamwagika, zinaandika juu ya kumbukumbu ya programu jirani, na mgeni anageuka mwenye nyumba, anaamrisha kila kitu. Hatari tupu! Nusura nicheze juu ya meza.

Dawa yake mstari mmoja: pima urefu wa jina kabla ya kulipokea. Kanuni inasema toa taarifa siku hiyohiyo. Lakini Ijumaa Mkurugenzi anakuja kuchagua mkuu mpya wa kitengo, maana mkubwa wetu anastaafu. Nitaliziba mbele ya macho yake!

Nyumbani nimemnong'oneza mke wangu yote. Nikamsihi anyamaze, siri ya mtungi aijuaye kata. Mama yake, aliyekuja kututembelea, alikuwa chumba cha pili, amelala. Nadhani.

Jumanne, 4 Machi

Mpinzani wangu ni Msumari. Tunamwita hivyo kwa kuwa hitilafu akiigongelea haitoki tena. Asubuhi kaniuliza ninachekea nini peke yangu. Nikadai si kicheko, ni jino linanikeketa. Roho nzuri ile, inaudhi! Akampigia simu mjomba wake, daktari wa meno, nikapelekwa kabla sijapata uongo wa pili.

Daktari kachungulia, kakuta tundu la kweli. Akasema tundu dogo ukilificha hula mpaka mzizi. Mtu wa meno, anajua nini kuhusu maisha?

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Msumari anataka kukagua jinsi kiini kinavyopokea majina. Palepale! Nikamwambia, dada yangu, achana na majina, printa ndizo zinazolia. Akaenda kwenye printa. Akakuta kasoro tatu za hatari, akazirekebisha kabla ya chai. Mkubwa wetu akampigia makofi. Na aliyemwelekeza ni mimi! Nikapiga makofi pia, ila bila sauti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwalika mama mkwe aje ashuhudie. Huwaambia majirani kwamba binti yake kaolewa na mtu wa kubonyezabonyeza. Kesho ataniita mwanangu mbele za watu!

Mpango ni huu. Kwanza naonyesha hatari: nasimamisha lifti tupu kwa jina refu. Kisha naweka kiraka, ule mstari wa kuziba tundu, kwenye mashine zote kwa mkupuo mmoja. Kukijaribu kwanza? Cha nini? Mstari mmoja! Isitoshe, kujaribu kunaua mshangao.

Ijumaa, 7 Machi

Lo, siku gani hii!

Chumba kilijaa. Niliambiwa Mkurugenzi kafika, nikadhani ndiye yule mama aliyekaa kiti cha mbele. Kumbe ni fundi wa mapazia, kaja kupima dirisha. Nikatoa hotuba. Nikabonyeza. Lifti ikakwama kati ya ghorofa mbili. Ndani yake: Mkurugenzi. Na mama mkwe.

Nikaweka kiraka mbiombio. Lahaula! Alama ya kulinganisha urefu nilikuwa nimeigeuza. Kiini kikaanza kukataa majina mafupi na kukaribisha marefu peke yake. Sote tukafungiwa nje ya kompyuta, mkubwa akiwemo. Nikaandika jina langu tena na tena, kana kwamba lingerefuka.

Msumari akauliza kwa utulivu, "Humu ndani nani ana jina refu?"

Mlinzi wa mlangoni akainua mkono. Kasajiliwa kwa jina lake, la baba, la babu na la ukoo, mstari haumtoshi. Akakubaliwa mara moja, na kwa kuwa tundu lilikuwa bado wazi, akawa na mamlaka kuliko mkubwa! Akaketi wima kama bwana harusi. Msumari akapitia mamlaka hayo, akaigeuza ile alama, akaijaribu kwenye mashine ya pembeni, ndipo akaipeleka kwa zote. Lifti ikashuka.

Milango ikafunguka. Wawili hao wamekaa sakafuni, viatu kando, wanacheka mpaka machozi. Nikasema shikamoo. Mkurugenzi akaninyooshea kiatu chake.

"Kumbe ni wewe uliyeficha tundu tangu Jumatatu?"

Nikamgeukia mama mkwe.

"Kaniuliza habari za nyumbani," akasema. "Nikampa zote, mwanangu."

Mwanangu. Mbele za watu.

Jumatatu, 10 Machi

Msumari ndiye mkuu wa kitengo. Mimi sikufukuzwa, inasemekana mama mkwe aliniombea mle ndani ya lifti. Aibu ya kuombewa na mtu aliyekuchongea!

Sharti la kwanza la Msumari: hakuna badiliko litakaloingia kwenye kiini mpaka lisomwe na mtu wa pili. Busara tupu! Nimekiri nimekosa, nimejifunza, mimi ni mtu mpya. Nikaomba nijichagulie msomaji wangu. Alikuwa na haraka, akaitikia.

Nimemchagua dereva wa kampuni. Mtu muungwana, hajawahi kumkatalia mtu jambo. Mchana huu amesoma kiraka changu kipya, cha milango yote ya jengo, mpaka mwisho. Akasema hajaelewa hata neno, ila kimepangwa vizuri sana.

Nimekiweka kwenye mashine zote. Kukijaribu cha nini? Tumeshakiona wawili!