Koki Haina Nusu

Nyumba 2F,
Bronx, New York.
Jumatatu, 20 Januari

Kwa Bw. Seymour Plotkin,
Mwenyekiti, Kamati ya Wenye Nyumba,
Nyumba 6A.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUACHISHWA KAZI KWA MTUNZA JENGO, BW. ZEF LEKAJ

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kofia yako ya sufu kichwani, maana najua kule ghorofa ya sita mmezoea kula chakula cha mchana mkiwa mmevaa kofia. Huku ghorofa ya pili mimi nakula nikiwa nimevaa gauni la mwezi wa Julai. Hilo nalo nitalifikia kwa namba yake.

Alhamisi hii wenye nyumba sitini na wawili tutapiga kura. Ama Bw. Zef abaki na boila lake la mvuke, ama vyote viwili viondoke: boila likatwe vipande, naye arudishe ufunguo wa ile nyumba ya chini anayokaa na mkewe kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Wengi hawajaamua. Mimi nimeamua. Nilianza kupiga pasi kola za watu nikiwa na miaka kumi na sita, nikaishia na karakana yangu mwenyewe ya mapazia, yenye pasi za mvuke kumi na nne, kwa hiyo sidhani kama humu ndani yupo mwenye haki ya kuuzungumzia mvuke kunishinda. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kelele. Rejeta ya chumbani kwangu, ile ya chuma ya kupashia chumba joto, yenye mbavu kumi na mbili, iliyo chini ya dirisha, inagonga. Si kugonga kwa mtu anayebisha hodi. Ni kugonga kwa fundi aliyeahidiwa chakula akasahauliwa. Nimehesabu wiki mbili mfululizo, kila asubuhi boila linapowaka, na wastani ni mapigo arobaini na saba. Jumapili ya tarehe 12 yalifika themanini na tatu, na yale matatu ya mwisho yalipangika vizuri hata nikaitikia, "Karibu."

2. Majibu yake. Nilimwita. Alifika baada ya dakika nne. Akashika koki ya rejeta, akaizungusha kidogo, akanitazama kama daktari aliyekuta sigara kwenye mkoba wa mgonjwa. "Mama Iraida, nani kaifungua nusu?" Nikamjibu kwamba ni mimi, kwa kuwa nilitaka joto nusu.

"Koki hii haina nusu, mama. Bomba ni moja tu. Mvuke unapanda humo, maji yanashuka humo humo. Ukibana mlango, mmoja anakwenda kazini, mwenzake anarudi, wanakutana kizingitini na hakuna anayetaka kupisha. Hizo ndizo ngumi unazozisikia. Fungua yote au funga yote."

Mwenyekiti, nina miaka sabini na mitatu. Nimenunua vitambaa kwa nusu, nimepatana na marehemu mume wangu kwa nusu, hata Kiingereza nilijifunza nusu na kikanitosha kufungua biashara. Sikubali kufundishwa na kipande cha shaba kwamba mambo ni yote au hakuna. Hata hivyo aliifungua yote, na kelele zikakoma. Naomba izingatiwe kwamba alinionyesha kosa langu mbele ya dada yangu, aliyekuja kula pasteles zangu za ndizi na nyama, na ambaye kabla hazijapoa alikuwa ameshawapigia simu ndugu zetu Puerto Rico kuwasimulia.

3. Joto. Tangu koki ifunguliwe yote, chumba changu kina digrii themanini na sita za Farenhaiti, joto ambalo unga wa mkate unaumuka bila kuombwa. Nilimwambia apunguze. Akasema nifungue dirisha. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye magoti ya magari. Nayanukuu maelezo yake kama alivyoyatoa, akiwa ameikalia ndoo yake:

"Jengo hili lilijengwa baada ya ile homa kubwa ya mwaka 1918, mama. Watu waliogopa hewa ya ndani kama wanavyoogopa nyoka. Aliyepima rejeta alizipima zipashe nyumba joto dirisha likiwa wazi. Wewe umefunga dirisha, halafu unakigombeza chuma."

Yaani natokwa jasho kwa sababu ya woga wa watu waliohamia hapa kabla mama yangu hajazaliwa. Ningependa kujua ni kikao kipi cha kamati kilichopitisha jambo hilo.

4. Presha. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, mwezi wa Desemba ulimwagiza apandishe presha ya boila ili mvuke ukufikie upesi. Boila linakwenda kwa ratili moja na nusu, wewe ulitaka sita. Nilikuwa pale kwenye visanduku vya barua, na jibu lake nililisikia vizuri: "Bwana Plotkin, mvuke ukiusukuma unakimbia na maji mikononi, unayamwaga njiani. Hauchelewi kwa kukosa nguvu. Unachelewa kwa sababu hewa imetangulia kukaa kwenye kiti chake. Acha nikubadilishie kidude cha kupumulia." Akapanda hadi kwako, akafungua kile kidude cha ubavuni mwa rejeta kinachotoa hewa kwa mluzi, akaweka kipya. Nasikia siku hizi hiyo kofia unaivaa kwa mazoea tu.

Kama ni kweli, ofisi yako imedharauliwa vibaya. Agizo halikutekelezwa, na tatizo likaisha bila agizo. Mambo yakiendelea hivi kamati itabaki na kazi gani?

Naongeza, bila nia ya kumchekesha mtu, kwamba presha yangu mimi ni mia moja sitini kwa tisini na tano, na daktari wangu naye anataka ishuke. Kati yangu na boila, boila ndilo linalotii masharti.

5. Vibao. Rejeta ya sebuleni ameiwekea kibao chini ya miguu ya upande mmoja, ilalie upande wa koki ili maji yapate njia ya kurudi. Alipima kwa pimamaji mara tatu. Mimi nimekata mapazia maisha yangu yote na macho yangu hayavumilii kitu kilichopinda. Sasa kila nikikaa kutazama runinga naiona imeinama kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani. Nilipomweleza, alisema, "Ikinyooka machoni mwako, mama, kwa maji imepinda." Nimekosa usingizi wa mchana mara mbili nikitafuta la kumjibu.

6. Uhusiano wake na boila. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, hufungua koki ya chini na kumwaga maji ya kutu ndoo moja, mpaka yatoke meupe. Kisha hutazama kile kioo cha kupimia maji, halafu hulipiga boila kikofi ubavuni, kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyekubali kukamuliwa. Miaka kumi na tisa kwa majuma hamsini na mawili ni ndoo mia tisa themanini na nane. Nilimuuliza kama amewahi kuruka juma. "Mara moja, mama, binti yangu alipoolewa." Nilifurahi, nikatoa kalamu. Akamalizia, "Siku hiyo nilimwaga Ijumaa."

7. Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Katika miaka kumi na tisa, jengo hili halijakosa joto hata siku moja. Nimeuliza ghorofa zote. Hakuna anayekumbuka asubuhi ya baridi, hakuna aliyewahi kulala na koti. Sasa, Mwenyekiti, tutajuaje kwamba huyu mtu anafanya kazi? Kwenye karakana yangu nilikuwa na fundi aliyeharibu pasi kila wiki na kuitengeneza kwa jasho na kelele, na kila mteja alimsifu. Bw. Zef hajatupa nafasi hata moja ya kumshukuru. Watoto waliokulia hapa wanaamini joto linatoka ukutani, kama rangi. Sasa wamekua, wana haki ya kupiga kura, na ndio hao wanaouliza yule bwana wa chini kazi yake ni nini.

Mlinganishe na yule mtu wa kampuni ya visanduku vya umeme vya kupasha joto, vile vinavyotaka kushika nafasi ya boila. Alikuja na picha za rangi, akatushika mikono sote, akasifu mapazia yangu. Alipofika chumbani aliitazama rejeta, akaibana koki hadi katikati, akasema, "Unapunguza hivi tu, mama." Kesho yake asubuhi nilihesabu mapigo sitini na moja. Lakini huyo ni mtu wa kuelewana naye. Aliamini nusu ipo.

Kwa hiyo, na kwa heshima zote, naomba kamati ipendekeze kwa wenye nyumba kwamba Bw. Zef Lekaj aachishwe kazi kuanzia tarehe mosi Februari, boila litolewe, na tupewe mfumo utakaoharibika mara kwa mara kiasi cha kutufanya tujue upo.

Nisalimie Bi. Plotkin na goti lake, katibu wa kamati, mama wa 3D na yule mbwa wake anayelala juu ya bomba la korido, na wote wanaoniuliza hali kwenye chumba cha kufulia. Waambie naendelea vizuri, dirisha likiwa wazi.

Ni mimi, mwenye joto la kutosha,

Iraida Cintrón

Nyongeza: Barua hii anakuletea Bw. Zef mwenyewe, kwa kuwa lifti imekwama, miguu yangu haifiki ghorofa ya sita, na katika jengo zima sina mwingine ninayeweza kumkabidhi bahasha isiyo na gundi. Nilimwambia mna nini ndani. Aliuliza tu kama jina lake nimelimalizia kwa J, nikamwonyesha, akasema, "Basi niwahi, mama. Ikipita saa nane Bwana Plotkin hapokei karatasi." Usimweke kwa maneno mengi. Kesho naenda kutolewa mtoto wa jicho, nitakaa kwa dada yangu hadi Jumapili, na funguo zangu zote mbili anazo yeye. Kwa kuwa Alhamisi sitakuwepo, kura yangu ihesabu leo: abaki, na boila libaki. Malalamiko uyaweke kwenye faili kama yalivyo. Nimeyahesabu mara mbili, na hesabu zote ni sahihi.