Sentensi Kumi kwa Marehemu Mwalimu Hung

Jumatatu, 21 Agosti

Balaa! Mama Liao, mwenye hoteli, katutangazia mtihani. Ijumaa mimi na Pei-shan tutaandika sentensi kumi kila mmoja kwa ule msemo wa Kiingereza, look forward to, yaani kungojea kwa hamu, ambao barua zetu zote kwa wageni humalizikia. Mshindi anakuwa mkuu wa mapokezi. Atakayeshindwa anashuka chini ya jengo kufua mashuka, hakuna hata dirisha. Pei-shan kaniuliza kama napenda harufu ya sabuni. Mwanamke huyu!

Lakini nina akili. Huu ni mwezi wa saba kwa kalenda ya Kichina, milango ya kuzimu iko wazi, mtaa mzima unawachomea wafu pesa za karatasi ziwafikie huko. Mwalimu wangu wa Kiingereza, Bi Hung, alifariki miaka minne iliyopita. Hakuwahi kuliacha kosa lipite. Nimeandika sentensi zangu kwenye karatasi ya hoteli, juu nikaweka jina lake, nikazichoma uani mchana kweupe ili azisahihishe.

Jumanne, 22 Agosti

Karatasi niliyoichoma iko mezani kwangu! Imelowa, imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mwandiko ni wake. Nikacheka. Tisa zimesahihishwa. Kando ya sentensi ya kumi kaandika: Asante, nakuja.

Nikaisoma tena. Nilikuwa nimeandika kwamba hoteli yetu inangojea kwa hamu kumpokea, chumba kiko tayari.

Nikampigia shangazi. Alinifokea hadi sikio likauma: "We Kuo una wazimu? Mwezi huu hata kuitana majina njiani tunaogopa, wafu wasisikie, wewe unawaandikia barua za mwaliko?"

Jumatano, 23 Agosti

Chumba 306 hakina mgeni. Kimepiga simu mapokezi mara tano. Nikipokea, nasikia chaki ikikwaruza ubao. Anayesafisha vyumba anasema kitanda kimelaliwa na ndara zimeelekea kitandani, kama za mtu aliyepanda kulala. Tangu saa nane kuna baridi shingoni mwangu na sauti inayosema andika upya. Nimeandika mara mia mbili. Sithubutu kugeuka. Naogopa, jamani.

Alhamisi, 24 Agosti

Nimepata dawa! Nimechoma barua nyingine: anayemhitaji kweli ni Tseng Pei-shan, anamngojea kwa hamu. Dakika kumi, shingo ikapata joto. Pei-shan akauliza nani kafungua dirisha. Nimekula wali na nyama bakuli mbili.

Ijumaa, 25 Agosti

Pei-shan kumi kwa kumi! Mkono wake ulikuwa ukiandika, macho yakiwa ukutani. Mimi nimepata tatu. Mama Liao kanikabidhi ndoo.

Jumamosi, 26 Agosti

Pei-shan kashuka huku analia. "Kaka Kuo, mtoe. Ananisahihisha hata ninapoongea na mama yangu."

Nilimhurumia, kweli. Nikamwambia aombe mtihani urudiwe, nami nitashughulikia. Mama Liao kakubali, Jumatatu.

Nimeshachoma barua ya kumrudisha kwangu. Na kwa kuwa mmoja anaweza kuchoka, safari hii nimewaalika walimu wote marehemu wa shule yetu, pamoja na familia zao. Mashine za kufulia zimeanza kuzunguka zenyewe, zote sita. Hawachelewi, walimu hawa!