Mti Uliokataa Kupanda Lori

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mradi wa Mitaa ya Kijani,

YAH: MTI MMOJA KUKAIDI AMRI YA KUHAMA

Shikamoo. Mimi ni kibarua wako wa kupakia na kupakua miti. Nyapara ameniambia nijieleze kwa maandishi kwa nini Jumatatu nilileta miti kumi na mmoja badala ya kumi na miwili, la sivyo nirudi kwetu. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo nivumilie. Kosa si langu, ni la mti, nami naushitaki hivi:

1. Miti yetu kumi na miwili inaijua kazi. Asubuhi inafukiwa pamoja na madebe yake, mgeni rasmi anaimwagia maji, anapigwa picha, watu wanapiga makofi. Jioni tunaifukua, inapanda lori kwenda mtaa mwingine. Tumeshazindua mitaa tisa, na ripoti inasema miti mia moja na minane. Sijapata kuona miti yenye bidii kama hii. Lakini lori lilipolala gereji masika yote, miti ikabaki imefukiwa mtaa wa tisa, na huu mmoja ukashika ardhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Jumatatu tuliuvuta wanaume wanne, kamba ikakatika, nyapara akakaa chini bila kupenda.

2. Unatoa kivuli, kazi ambayo haukutumwa. Mama fundi cherehani wa mtaa ule ameshahamishia mashine yake hapo. Alipotuona na kamba alisema tukiuchukua mti tumbebe na yeye, na cherehani, na wateja wote wanaomdai nguo zao.

3. Matawi yamefunika bango la mradi lenye picha ya mti. Mpita njia sasa anaona mti, picha haioni. Mgeni rasmi alikata utepe wa bango, hakukata utepe wa mti.

4. Unachochea. Watu wa mitaa ile mingine wanakuja kuutazama, kisha wananiuliza yao iko wapi. Nyapara alinifundisha nijibu kwamba iko likizo. Nimejibu hivyo mpaka naona haya.

5. Mimi nina miaka sita mbali na mama watoto. Ninalala linapolala lori, na sijawahi kugoma. Mti ni nani?

Kwa hiyo naomba upewe onyo la maandishi. Usiposikia, ukatwe, na kwenye ripoti uendelee kuhesabiwa, maana huko hauhitaji maji. Na kwa kuwa huko ndiko miti yetu inakostawi, naomba tuache kabisa kubeba miti, tubebe picha. Picha mia naziweza peke yangu, na mgongo wangu utakuombea dua.

Wasalimie wote hapo ofisini, dereva, na mgeni rasmi wa Ijumaa, yeyote atakayekuwa.

Ni mimi mtiifu wako,
Kibarua wa Miti

Tanbihi: Ijumaa jioni lori lisisumbuke kuja kuchukua miti. Debe la mti ule nililitoa kitako mimi mwenyewe, kwa patasi, kabla ya masika, nione tu kama utashika. Jana nimeyatoa vitako na yale kumi na moja. Begi nimeshafunga, na mama watoto nimemwambia aniwekee maji ya kuoga. Atakayeshika kazi yangu aimwagilie asubuhi na jioni mpaka mvua inyeshe, na asiivute.