Vifungio Vitatu Chini ya Maua

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Dada yangu mpendwa, salamu nyingi kuliko nyuzi za karakana hii. U hali gani? Goti linaendeleaje? Presha je, imetulia? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ukiacha mgongo, macho na vidole. Ulinipa daftari hili ukasema mazungumzo yetu ya simu yanaisha kwenye haloo, haloo, bora niandike ya kila siku kisha nikutumie. Haya, naandika. Ya leo hayapendezi.

Asubuhi mkwe kaja na gari. Lile nililolivisha viti kama zawadi ya harusi yao. Unalikumbuka? Kava nyekundu, maua ya dhahabu, na mgongoni mwa kiti cha mbele nimetarizi MUNGU NDIYE DEREVA. Kazi bora ya maisha yangu. Nilizishonea kwenye sponji lenyewe kwa sindano ya kupinda, na chini gundi. Kava za yule fundi mwenzangu, jirani wa ng'ambo ya barabara, Mkasi, zinakaa kama shati la kuazima. Zangu ni ngozi.

Binti yetu akashuka na kiti cha mtoto. Kiti, dada! Mtoto wa miezi minne ana kiti chake, mimi humu karakanani nakalia ndoo. Akaeleza kwamba kinafungwa kwa mkanda wa gari, na mtoto anakaa akitazama nyuma. Nikauliza amesusa nini. Hakucheka. Akavuta mkanda, akatafuta pa kuchomeka. Akapapasa. Akapapasa tena. Akaniuliza vifungio viko wapi.

Nikamjibu vipo. Vimelala chini ya maua. Wateja walikuwa wananung'unika kwamba vile vidude vinawachoma makalio, nami mwaka wa kumi huu navifunika, kiti kinabaki laini kama godoro la bwana harusi. Akasoma maandishi yangu kwa sauti, polepole. Akasema kama Mungu ndiye dereva basi sisi ni abiria, na abiria kazi yake ni kufunga mkanda.

Yeye ni muuguzi. Mimi niliishia darasa la saba.

Sasa sikia. Jumapili mtoto anabatizwa, kule kanisani alikobatizwa marehemu mama yetu. Si ndiye somo wake, mwenye jina lake? Mimi ndiye nitakayembeba hadi mbele. Lakini ni mwendo wa saa nzima kwa barabara kuu, na binti kasema kiti kisipofungika mtoto haingii garini. Ubatizo utasubiri. Nikate kava, vifungio vitoke.

Nikate! Mbele ya Mkasi! Mtaa mzima ujue kwamba miaka kumi nimekosea! Sikati. Gari limebaki kwangu. Nimesali. Nimepata wazo.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Wazo lilikuwa hili: mtoto apakatwe. Sisi sote tulipakatwa na tupo. Nikamweleza binti kwamba hakuna mkanda unaoshinda mikono ya babu. Mikono hii inavuta leza, ile ngozi ya bandia, mpaka inalia.

Alikuwa ndiyo kwanza atoke zamu ya wodi ya dharura, macho mekundu. Hakubishana. Akaingia jikoni kwa mama yake, akatoka na mfuko wa unga wa kilo tano. Akasema mtoto ana kilo sita, kwa hiyo ananipunguzia mzigo. Nikae nyuma, niupakate, nisiuachie. Akamwambia mumewe aendeshe hapo hapo mbele ya karakana, mwendo wa mbuzi, kisha akanyage breki bila kusema lini.

Nikaukumbatia ule unga kama pesa ya mirathi. Mkwe, mtoto mpole, anatetemeka kwa kuniheshimu, akaenda hatua ishirini. Akakanyaga.

Dada, sijui unga ulitokaje. Mikono yangu ilikuwa imefumbata vizuri kabisa, ila ndani yake hamkuwa na kitu. Unga uligonga kioo cha mbele ukapasuka. Mkwe akageuka mweupe. Paji langu la uso lilipiga neno DEREVA.

Mkasi alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai. Akapaza sauti kuuliza, fundi, siku hizi umeongeza na mashine ya kusaga? Mke wangu akasema ule ndio ulikuwa ugali wa usiku. Binti akasema kitu kimoja tu, tena kwa upole: huo ulikuwa mwendo wa mbuzi, baba. Kisha akaenda kulala.

Tunalala na chai. Nimechoka.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimeomba hekima. Nikaona wazi: si lazima kukata juu. Naweza kupitisha mkono nyuma, kwenye mwanya wa kiti na mgongo wake, nikishike kifungio kwa chini, nikisukume kwa hila mpaka kichungulie pembeni. Hakuna ua litakaloguswa.

Mkono uliingia. Nilikigusa, dada! Baridi, kigumu, kimelala zake. Nikakivuta. Hapo nikagundua kwamba mshono wangu ni imara kuliko nilivyowahi kujisifu. Mkono haukurudi.

Nilikaa humo, tumbo chini, miguu nje ya mlango, kuanzia saa nne hadi karibu saa sita. Akaja mteja, mwalimu wa sekondari, akidhani nafanya kazi. Akaongea na visigino vyangu habari za kava zake. Nikamjibu kwa utulivu. Nadhani hakushuku.

Mkasi ndiye aliyeshuku. Alikuja na sabuni na kibakuli cha maji. Akanipaka hadi kwenye kiwiko, akawa ananivuta huku akinishauri. Jirani, kata. Ni matundu matatu tu. Kama mkono wako unatetemeka, nitakukatia mimi, bure, mimi na mkasi tumezoeana. Nikasema bora niishi humu. Akaniambia basi atahamishia humo barua zangu.

Ukweli niuseme, kava zake zote vifungio viko nje. Si kwa busara! Ni uvivu, hakazi kitambaa. Ila viko nje.

Mkono umevimba. Naandika kwa shida, uniwie radhi kwa mwandiko.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Leo Mungu amenifungua akili. Kama vifungio havitaki kuja kwa mkanda, si nishone mkanda mwingine!

Nilikuwa na kipande cha utepe mweusi mpana, ule wa mabegi. Nikaushonea kwenye kava, kulia na kushoto, mishono minne minne. Katikati nikatia kifungo cha plastiki nilichong'oa kwenye begi la shule, na juu yake kile kitambaa cha kunata kinacholia chwaaa. Nikaweka kiti cha mtoto, nikafunga. Kikatulia kama askofu.

Mkwe alikuja kutazama. Akasema baba, kinapendeza. Nikamwuliza kama kuna tatizo. Akasema yeye hana, lakini yeye siye wa kuulizwa. Mke wangu akakitazama kwa muda mrefu akauliza huo utepe ukikatika nini kinabaki. Nikamwambia imani. Akanitazama mimi sasa, kwa muda mrefu vilevile, akarudi zake jikoni.

Wakati wa kusali maneno yalikuwa mazito mdomoni. Nadhani ni uchovu. Kesho nitamwambia binti kwamba huu ni mtindo mpya.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Binti hakusubiri niseme mtindo mpya.

Alitoka kazini saa tisa, bado na viatu vya wodini. Akaona utepe. Akaegemeza goti kwenye kiti cha mtoto, akakishika kwa mkono mmoja, akavuta mara moja kama mtu anayefungua kabati lililokwama. Kiti kikamjia kifuani na utepe wake, na nusu mita ya maua ya dhahabu.

Nilingoja anipigie kelele. Nilikuwa na majibu mawili tayari. Hakupiga. Alikaa ukingoni mwa gari, miguu nje, kiti kwenye mapaja, akaanza kusimulia akitazama barabara.

Mwezi uliopita waliletewa mtoto wa miaka miwili. Gari halikuwa na kasi, lilikwepa baiskeli tu likagonga ukuta. Mama alikuwa amempakata nyuma. Yule mama alisema alitafuta mahali pa kuchomeka mkanda akakosa, viti vilikuwa vimefunikwa vizuri mno. Alilirudia hilo neno, alisema binti. Vizuri mno. Nikauliza kama mtoto alipona. Akasema yuko nyumbani, anajifunza kutembea upya.

Hakusema viti vilishonwa na nani. Sikuuliza. Mji huu una mafundi wawili, dada, na mmoja hakazi kitambaa.

Akaniambia hakutaka kunieleza kamwe. Akaniita baba yangu, kama alipokuwa mdogo. Akasema mimi natengeneza mahali watu wanapokaa, na yeye anawapokea wakishatoka hapo. Kisha akainuka kwenda kumnyonyesha mtoto.

Sikula. Nilikaa kwenye ndoo.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Nimekata.

Kulipopambazuka tu, kabla Mkasi hajafungua, nikiwa nimeshashonea upya ile nusu mita iliyong'oka. Wembe mpya. Nilisali kwanza, nikaomba msamaha, kisha nikapitisha wembe katikati ya ua la kwanza. Liliachia kwa sauti ndogo kama mtu anayevuta pumzi. La pili. La tatu. Vifungio vikachomoza na vidude vyake vyekundu, na vumbi la gundi la miaka mitatu. Nikavisafisha kwa brashi ya meno.

Binti akafunga kiti. Ka! Sauti hiyo, dada. Akakisukuma kwa goti, hakikusogea hata unene wa uzi. Mimi nikajaribu kwa mabega. Hakikusogea. Akanishika mkono ule uliovimba, akacheka kidogo. Wiki nzima sijamwona akicheka.

Basi nikajiambia, na wale wengine? Nimevisha magari mengi mji huu. Nikachukua wembe nikaenda kwa wateja wangu, mlango hadi mlango, niwakatie bila malipo. Wa kwanza ni yule mwalimu. Nikamweleza yote, hata habari ya mtoto. Alisikiliza kwa makini. Akasema anashukuru sana, lakini nikisogea karibu na viti vyake na huo wembe ataita watu. Mwenye duka la dawa akasema nirudi akishauza gari. Mama wa saluni akauliza kama nimeugua. Nyumba tisa, dada. Hakuna aliyekubali matundu. Nimewafundisha miaka kumi kwamba uzuri ni kutoonekana kitu, na wamefuzu.

Miguu inawaka moto. Mkasi aliniona narudi, mara hii hakutania. Alisema tu, pole jirani, kesho tena. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Amebatizwa! Nilimbeba hadi mbele, hakulia, alimshika mchungaji ndevu. Njia nzima alilala kitini mwake akitazama nyuma. Mke wangu na mimi tulikuwa kando yake, kila mtu na mkanda wake, tumenyooka kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Njiani mkwe alikanyaga breki ghafla kwa ajili ya ng'ombe. Sote tukaenda mbele tukarudi. Mtoto hakuamka. Nilikitazama kile kiti, machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Mama angefurahi, dada. Laiti ungekuwepo.

Sasa, baada ya ibada watu walisimama kulisalimia gari. Na wakaona. Matundu matatu, vifungio vimesimama uchi kama meno ya mzee. Mzee wa kanisa akaniuliza ni panya? Nilimwambia ni usalama. Akasema pole.

Ndipo Mungu akanipa jibu, nikiwa bado na sahani ya chakula mkononi. Watu hawakatai vifungio, wanakataa aibu. Kwa nini nisivishone kofia? Kofia ndogo za leza, ua moja juu, kila kifungio na ya kwake! Mteja ataruhusu tundu akijua litavishwa. Tulivyorudi nyumbani sikupumzika hata kidogo. Wenyewe wamelala, mimi nimeshona kofia tatu na kuzivisha kwenye gari lao, liwe la kwanza, iwe zawadi ya ubatizo. Zimekaa! Zimebana! Na kwa kuwa vitoto hupenda kuvua kila kitu, chini nimezikaza kwa waya na gundi kidogo tu.

Binti ametoka sasa hivi na mtoto begani na kiti mkononi, anataka kumpeleka kliniki ya jioni, ana homa kidogo ya msisimko. Amefungua mlango wa nyuma. Anapapasa kofia. Sasa anamwita mama yake. Sasa anauliza wembe uko wapi.

Nakwenda kumwelekeza jinsi ya kuzivua, ingawa hilo sijalifikiria bado. Wasalimie wote hapo, shemeji na watoto. Tafadhali dada, nijibu upesi.