Betri Mpya ya Kasuku

Jumatatu, 3 Machi

Kasuku amezimika tena wakati wa chakula. Katikati ya sentensi! Dada yangu Itzel alikuwa anaiambia meza nzima kwamba mimi, Eliseo, ni... basi. Kioo kikawa cheusi. Sitajua kamwe mimi ni nini. Itzel anajua, na kwa jinsi alivyonikodolea macho, haikuwa sifa.

Kasuku ni mashine yake ya kusemea. Itzel hajawahi kutamka neno tangu azaliwe. Anaandika kwa macho kwenye kioo, Kasuku anatamka. Kihispania chake ni cha Madrid, kama mtangazaji wa habari aliyepotea njia akaangukia mjini kwetu Las Cruces. Sasa betri imezeeka. Ukimchomoa ukutani anaongea kidogo, anakata roho.

Na Jumamosi binamu yetu Yaretzi anasherehekea kutimiza miaka kumi na mitano, sherehe ambayo kwetu ni kama harusi. Itzel ndiye aliyechaguliwa kumtakia heri mbele ya ukumbi mzima. Hotuba anaiandika tangu Krismasi, hataki mtu aiguse. Nazario, kaka yake Yaretzi, yule mwenye sharubu za kuhesabika, ameshajitolea kuisoma yeye mashine ikigoma. Itzel kasema afadhali isomwe na mbwa.

Mama kaniamuru nipige simu bima, watulipie betri mpya. Kiingereza chake hugoma akikasirika, na bima humkasirisha kabla hata hawajapokea. Eti mimi nimesomeshwa lugha zote mbili tangu chekechea. Kweli. Naweza kunyamaza kwa zote mbili. Mimi ndiye ninayekula vitunguu nisivyovitaka ili nisiongee na muuza burito, ile mikate ya kukunja.

Nimekubali.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga! Mhudumu mpole kabisa. Akasema betri inawezekana, ila Itzel ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, ni mtu mzima, kwa hiyo hawawezi kuongea na mimi wala mama. Lazima Itzel mwenyewe atoe ruhusa kwa mdomo wake. Nikamwambia mdomo wake ndio unaohitaji betri. Akasema ananielewa sana. Na bado lazima.

Halafu daktari naye aandike kwamba Itzel bado hawezi kusema. Bado! Kana kwamba Jumapili alitoka kanisani anapiga soga.

Haya. Nikamchomeka Kasuku ukutani, nikasogeza simu. Kasuku akatangaza kwa Kiingereza: Habari za mchana, naitwa Itzel Arvizu. Simu ikakatwa. Tukapiga tena. Ikakatwa. Mara ya mwisho mhudumu alifoka kwanza: nyinyi maroboti wa kuuza kwa simu mtatuua, jana mmetaka kuniuzia dhamana ya gari, leo tena! Akakata.

Itzel alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata wazo.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mwepesi, sijui kwa nini haujamjia mtu mwingine. Wanataka sauti ya Itzel? Nitakuwa sauti ya Itzel. Yangu haijakomaa vizuri, ikipanda inafika mbali.

Sikumwambia mtu. Nikajifungia ndani ya gari la mama. Na ajabu! Nikiwa Itzel sikuona haya hata chembe. Nilimwaga maneno. Nikatoa ruhusa, nikaeleza habari za betri, nikalaani upepo wa Machi na vumbi lake. Mhudumu nikamwita mpenzi. Sijawahi kuongea hivyo tangu nizaliwe. Nilitamani simu isiishe.

Mhudumu akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza taratibu: hii mashine hasa ni ya nini, dada?

Nikasema ni ya kusemea, maana siwezi kusema.

Nikasikia akiandika kitu.

Akasema mbona nasema vizuri tu.

Nikakata simu, nikajikunja chini ya usukani mpaka mama alipotaka gari lake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejipalia makaa. Bima wamemwandikia Itzel. Wamefurahi kujua kwamba sasa anazungumza kwa ufasaha. Ombi la betri limefungwa. Na watachunguza kama mashine yenyewe anaihitaji tena.

Kasuku ndiye aliyetusomea ujumbe huo. Alisoma hukumu yake mwenyewe, kwa lafudhi ya Madrid.

Mama akauliza ni nani huyo aliyezungumza kwa ufasaha. Nikaichunguza chapati yangu ya tortila kama ramani. Mama akasema Eliseo, mwanangu, niangalie. Sikumwangalia. Akajua.

Itzel aliandika muda mrefu. Nilijiandaa kwa matusi, ana hazina ya matusi. Haikuwa hivyo. Kasuku akasema: Madaktari wananisemea. Walimu wananisemea. Nazario anasubiri zamu yake. Sikujua na wewe umo, dogo. Na sauti yenyewe mbaya.

Afadhali angenipiga kikaango.

Ijumaa, 7 Machi

Itzel hakwenda shule. Kapiga mwenyewe. Mimi nimeruhusiwa kushika simu, kupumua siruhusiwi.

Mara tu ilipopokelewa, Kasuku akasema: Usikate. Mimi si roboti. Roboti wangenunuliwa betri.

Upande wa pili mtu akacheka! Mama mmoja anaitwa Bi. Delphine. Itzel akamweleza yote polepole, na Bi. Delphine akasubiri kila neno, hakumkatiza hata mara moja. Itzel akasema: yule wa Jumatano ni mdogo wangu wa kiume, ana akili za kuku ila hana ubaya. Bi. Delphine akauliza, yule aliyeniita mpenzi? Itzel akajibu, huyohuyo.

Nilitamani ardhi inimeze, na simu mkononi.

Ombi limefunguliwa. Mashine haitaguswa. Betri italipiwa daktari akishaandika barua. Lakini kwa kesho, haiwezekani.

Nazario ametuma ujumbe kwamba ameshaanza kufanya mazoezi ya kusoma, endapo tutamhitaji. Nimemjibu kwa picha ya mbwa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi wa parokia ulifurika. Nilibeba ekstensheni, mpango ulikuwa mzuri, ila soketi zote zilishaliwa: didjei, sufuria za maharage, mashine ya chemchemi ya chokoleti iliyoyeyuka. Itzel akasema ataanza hivyohivyo, pengine betri itamhurumia.

Haikumhurumia. Kasuku akaanza: Yaretzi, binamu yangu, ulipokuwa mdogo... Kioo cheusi.

Watu wakainamisha vichwa na ile huruma ambayo Itzel anaichukia kuliko kitu chochote. Nazario akasafisha koo. Alikuwa na karatasi tayari, sijui kaipata wapi! Shetani mkubwa!

Nikakimbilia ukutani, nikachomoa waya wa kwanza nilioushika, nikachomeka wetu. Lakini Kasuku akizimika kabisa huchukua muda kuamka, na Nazario alishafungua mdomo: Kwa niaba ya dada Itzel...

Sijui ilitoka wapi. Nikapiga ukelele: Nazario, kaa chini! Anaongea mwenyewe! Msubirini! Kwa Kihispania. Halafu kwa Kiingereza, kwa wale wa upande wa baba yake Yaretzi. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikaona nyota.

Nazario akakaa. Watu wakasubiri. Kasuku akaamka.

Itzel akaanza upya. Yaretzi, binamu yangu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unanigawia pipi ulizokwisha kuzilamba. Watu wazima walikuwa wananipa nzima na kuondoka. Wewe ulikuwa unakaa. Nakuombea maishani upate watu wa kukaa.

Yaretzi alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Mama alilia. Didjei alilia. Nazario alitoka nje, eti vumbi.

Waya niliouchomoa ulikuwa wa chemchemi. Chokoleti imeganda humo kama saruji. Nimeisugua kwa kijiko mpaka sherehe ikaisha.

Jumapili, 9 Machi

Itzel amenisamehe, kwa masharti. Amesema sauti ya jana ilikuwa nafuu kwa sababu ilikuwa yangu. Akaniapisha nisiwapigie bima tena maishani. Nimeapa, mkono juu ya Biblia ya mama.

Ila nimegundua jambo. Daktari wake yuko likizo hadi mwisho wa mwezi! Bila barua, betri haiji. Itzel amesema atangoja, amezoea. Angoje? Wakati mimi nipo?

Na kiapo kilikuwa cha Eliseo kutopiga. Hakikumkataza daktari kupiga.

Kesho mama yuko zamu kiwandani. Nimeshafanya mazoezi bafuni. Daktari Lindqvist ni mwanamke, ana miaka kama sabini hivi, na hukohoa kila baada ya sentensi. Yote matatu nayaweza.