Namna Gesti Yangu Ilivyoshika Namba Moja

Jumatatu, 1 Septemba

Mke wangu Joviana ametoa tamko. Kalitoa wakati wa chai, kwa sauti ya chini, na ndiyo maana nimeogopa. Kasema ifikapo mwisho wa mwezi huu, kama hajalala hata mgeni mmoja katika gesti yangu, vyumba vyote vitatu vinakuwa vyake. Anaingiza vyerehani. Ana sare za shule za kushona, anashonea barazani, na mvua zimeanza. Juzi kola za watoto wa watu zililowa zikatoa rangi.

Nimemwambia kwamba gesti ya Upeo Mpya si banda la vyerehani. (Haijawahi kuwepo Upeo ya zamani. Neno “mpya” linavutia.) Nimemweleza kuwa wageni wa siku hizi hawasomi vibao barabarani, wanatafuta kwenye simu. Na mimi tovuti ninayo! Projest wa steshenari hapa senta ya Kimuli alinitengenezea. Ina picha ya kitanda na picha yangu nimevaa suti. Joviana kauliza nani ameiona. Nikajibu kuwa hilo ni suala la kitaalamu.

Ng'ambo ya barabara kuna gesti ya Placidius, mstaafu kutoka Muleba. Hana tovuti. Ana kibao cha bati. Jana uani kwake kulikuwa na magari mawili na pikipiki. Siyo kwamba nilichungulia.

Jumatano, 3 Septemba

Siri nimeijua. Google anahesabu maneno kama karani. Anayelitaja neno sana ndiye anayeonekana. Basi nimeingia kwenye tovuti nikaandika chini ya picha yangu “gesti nzuri Kimuli gesti safi Kyerwa gesti jirani na Karagwe gesti” hadi kidole gumba kikafa ganzi. Halafu maandishi nikayapa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mgeni asiyaone ila mashine iyaone. Akili hiyo! Projest kapiga simu kusema mashine hazipendi mchezo huo, zinaweza kunishusha chini kabisa. Wivu tu.

Jioni nikatafuta “gesti Kimuli”. Nikawa wa kwanza! Nikawanunulia soda wote waliokuwa dukani kwa Vero, pamoja na wawili ambao hatusalimiani. Kisha nikakimbilia nyumbani na ushahidi.

Joviana akatafuta kwa simu yake mwenyewe. Wa kwanza Placidius. Sisi hatupo. Nikasogeza chini, nikasogeza tena, nikakuta gesti za Mwanza na mahali panapouzwa matrekta. Projest ananiambia simu yangu inaniweka mbele kwa kuwa kila saa naifungua tovuti yangu, inadhani ndicho kitu ninachokipenda duniani. Kumbe simu ilikuwa inanibembeleza. Joviana alichukua futi kamba akapima ukuta wa chumba cha kwanza.

Jumapili, 7 Septemba

Njia mpya. Kinachopandisha biashara, kwa maelezo ya Projest, ni maoni ya watu na nyota wanazokupa. Watu ninao! Baada ya misa nikasimama nje ya mlango wa kanisa nikawaomba mmoja mmoja. Wote wakakubali. Watu wa hapa hawajui kukataa.

Majibu yameingia jioni. Ambrose, katekista wetu, ameandika: shikamoo kaka Melkiory, mguu wa mama unaendeleaje, mimi sijalala kwako kwa sababu nina kwangu. Mwingine anauliza kama lile jembe bado nalihitaji. Salvina wa kwaya ameandika sala nzima, nzuri sana, ya kuwaombea wasafiri.

Na wote wamenipa nyota moja! Nikampigia Salvina. Akanieleza kwa upole kwamba moja ndiyo nafasi ya kwanza, wao wamenipa ukubwa. Nikamwambia nyota tano ndiyo bora. Akauliza kama shuleni kwetu mtoto aliyeshika nafasi ya tano ndiye aliyekuwa anapewa zawadi. Nikamuaga.

Placidius naye katoa moja. Huyo alikuwa anajua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetulia, nimefikiri. Kinachokosekana ni ramani. Projest anasema gesti ikiwa na alama yake kwenye ramani ya simu, mgeni anaongozwa njia nzima mpaka mlangoni. Akasisitiza niiweke alama hiyo nikiwa nimesimama gesti. Vijana na masharti yao. Gesti kwangu mtandao ni wa kubahatisha, unatulia tu ukipanda juu ya tangi la maji, na tangi lina ufa.

Nikapanda bodaboda hadi Mabira, kwenye kile kilima ambako mtandao haukatiki. Juu pale kuna makazi ya Ma Sperancia, mjane mtu mzima, ana migomba na kahawa na nyumba ndefu isiyo na watu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanipa kiti. Akataka kuniletea kahawa ya kutafuna. Nikamwambia nina haraka, niko kazini.

Simu ikaniuliza: je, upo kwenye biashara yako sasa hivi? Swali la ajabu. Biashara iko kwenye tovuti, tovuti iko kwenye simu, simu iko mkononi. Nikabonyeza Ndiyo. Ma Sperancia alinisindikiza hadi mwisho wa migomba, akasema nisikae sana bila kurudi. Anaongea sana yule mama.

Jumatatu, 15 Septemba

Ramani imetukubali! Upeo Mpya ina alama nyekundu. Nimebadilisha mashuka. Joviana anashona barazani na turubai kichwani.

Jumatano, 17 Septemba

Mgeni! Mgeni wa mtandaoni kabisa! Mchana kanipigia bwana mmoja wa mambo ya kahawa kutoka Bukoba, ametuona kwenye simu, anakuja. Nikaoga. Nikavaa suti ya kwenye picha ili anitambue. Nikasimama barazani, Joviana akinitazama juu ya miwani.

Saa kumi na moja simu ikaita. Bwana anasema amefika salama, amepokelewa vizuri mno, anashukuru, sasa anakula. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Barazani niko mimi, mke wangu na kuku. Nikataka kumuuliza, mtandao ukakata.

Nani mwingine kama si Placidius! Amemdaka barabarani. Nikavuka, nikapenya kwenye ua wake wa miti ya minyaa, nikachungulia dirisha la ukumbi. Ndani yuko Placidius peke yake anakula karanga na kusikiliza redio. Akaniona. Akanikaribisha karanga. Nikasema natafuta kuku wangu. Akaniuliza kama huwa natafuta kuku nikiwa na suti.

Jumamosi, 20 Septemba

Mapinduzi! Maoni mapya yanamiminika, na kila moja lina nyota tano. Bwana wa Bukoba anasema hajawahi kukirimiwa hivi tangu azaliwe. Mwingine anasifu ndizi na maharage ya mama mkarimu, na upepo mzuri. Mama mmoja aliyekuwa safarini na mwanawe anaandika kwamba milango haina vitasa lakini walilala kama wako kwao, na asubuhi walifungashiwa parachichi.

Nikatafuta kwa simu ya Joviana. Wa kwanza! Kwa simu ya Vero dukani. Wa kwanza! Placidius yuko chini yetu, ambako ndiko anakostahili.

Nikamsomea Joviana yote kwa sauti. Akasikiliza hadi mwisho, akatoa pini mdomoni, akauliza huyo mama mkarimu wanayemtaja ni nani. Nikasema huenda ni yeye. Akasema hajampikia mgeni yeyote. Akauliza milango yetu ina vitasa au haina. Inavyo, nilivinunua mwenyewe. Akauliza mashuka niliyotandika Jumatatu yamelaliwa na nani.

Mwanamke anapenda maswali.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepanda Mabira ili niwajibu wateja wangu na kuwashukuru. Nikawakuta uani kwa Ma Sperancia. Watu wanne, na mabegi! Mmoja anamenya ndizi, mwingine anacheka jikoni. Kijana mmoja kati yao, wa mradi wa maji, akanikaribisha Upeo Mpya.

Nikataka kusema, lakini Ma Sperancia alishaniwekea kiti na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna. Kwake mgeni haulizwi shida yake kabla hajatafuna kahawa na kula. Nikatafuna. Nikala, na ni kweli, zile ndizi zina haki ya nyota zote. Ndipo akaniuliza kilichonileta.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Wanafika wameshika simu, wanasema wametafuta mahali hapa kutwa nzima. Yeye hawezi kumwacha mtu mlangoni. Wakishakula, jua limezama, anawatandikia. Wengine wanamwachia sukari, mmoja alimchanjia kuni. Alidhani serikali ndiyo iliyoanza kuwatuma.

Nikamweleza habari ya alama. Nikamwambia ni kosa dogo la kitaalamu, naliondoa sasa hivi, hatasumbuliwa tena. Nilikuwa nimeshaitoa simu mfukoni. Akaweka mkono wake juu ya simu.

“Tangu mzee wangu azikwe, waliokuwa wanapanda huku ni mbuzi,” alisema. “Sasa kila siku yupo mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Usiiondoe, mwanangu.”

Nikairudisha mfukoni. Nilishindwa. Nimeshuka kilima kizima kwa miguu, na bodaboda niliyokodi ikinifuata nyuma taratibu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemwambia Joviana kila kitu. Nilitegemea ugomvi. Kacheka mpaka akashika ukuta, halafu akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kasema alama ibaki palepale, asiguswe yule mama. Na mimi nisife moyo, mwezi haujaisha. Hahesabu tena alikotoka mgeni. Awe wa mtandaoni, awe wa miguu, awe amepotea njia, akilala kwetu hata usiku mmoja gesti inabaki gesti.

“Mmoja tu, Melkiory,” kasema. “Nitaendelea na turubai langu.”

Huyu ndiye niliyemuoa. Nimefurahi sana. Nikaingia mtandaoni kuangalia nafasi yetu. Bado wa kwanza.

Jumamosi, 27 Septemba

Hakuna mgeni. Mvua. Placidius amekuja kuniuliza imekuwaje nikampita, amevaa kofia ya heshima. Nikamwambia ni elimu. Nikamkaribisha kiti. Hali yangu ni nzuri kiroho.

Jumanne, 30 Septemba

Siku ya mwisho. Mchana mvua ikakatika. Joviana amefagia vyumba mwenyewe, akaweka maua kwenye chupa.

Jioni, jua bado lipo, ikasimama bodaboda. Akashuka dada na begi kubwa na ndoo. Jina lake Benitha, mwalimu, amehamishiwa Nyakatuntu na hana nyumba bado. Anataka chumba cha wiki mbili, pengine tatu. Alikuwa anapita, kaona kibao chetu mlangoni. Kauliza: hii ndiyo Upeo Mpya aliyoisoma, yenye nyota tano?

Moyo ukaruka! Nikashika begi lake. Kisha nikafikiri, maana mimi nafikiri. Huyu kasoma habari za ndizi, parachichi, upepo, na mama wa kumpokea kama bintiye. Ndani nina nini? Kitanda kinacholia, na maua kwenye chupa ya soda. Kesho ataandika. Ataandika nyota tatu. Mwalimu, hao ni wakali, huenda mbili! Jina lote nililolijenga mwezi mzima liporomoke kwa mtu mmoja!

Nikamwambia hapana, dada yangu, hapa siyo. Upeo Mpya yenyewe iko Mabira, juu kilimani, fuata ramani. Nikambebea begi hadi kwenye bodaboda. Nikaifunga ndoo vizuri kwa kamba. Akanishukuru kwa ukweli wangu.

Nilipogeuka, Joviana alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia, tangu mwanzo. Akanitazama, wala si kwa hasira. Akainama, akashika cherehani upande mmoja. Nikashika upande wa pili. Kikaingia chumba cha kwanza bila kugusa mlango, vipimo vyake ni sahihi.

Jumatano, 1 Oktoba

Mwalimu Benitha ameandika. Nyota tano! Anasema hahami hata akipewa nyumba, amepata mama.

Nimemsomea Joviana kupitia dirishani, maana mlangoni pamejaa vitambaa vya kushona na wasichana wawili wanasubiri kupimwa. Akaitikia kwa kichwa bila kusimamisha cherehani. Mvua inanyesha na hakuna kola iliyolowa.

Bado tuko wa kwanza Kyerwa nzima. Kwa mahitaji haya, vyumba vitatu ni vichache. Kesho naanza kufyatua matofali ya kuongeza vingine vinne.